Agnetha Gerson Lugembe, Skauti Aliyepita Nyumba kwa Nyumba Ntalikwa

Marehemu Agnetha Gerson Lugembe alizaliwa Ntalikwa, Manispaa ya Tabora, tarehe 9 Agosti 2003, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Gerson Lugembe na Mama Magreth. Alibatizwa mwaka huohuo katika Kanisa la Moravian. Mama anasema neno "mbona" alilijua kabla ya kujua "baba".

Akiwa na miaka minne aligundulika kuwa na selimundu. Alipofikisha kumi alimwomba daktari amwonyeshe chembe za damu yake kwenye hadubini. Alitazama weee, kisha akasema, "Kumbe zimepinda kama mundu kweli!" Alipofika nyumbani alizichora ukutani kwa mkaa, na Mama akamchapa.

Alisoma shule ya msingi Ntalikwa kuanzia 2010 hadi 2016, kisha sekondari mjini Tabora, alikohitimu 2020. Alipotaka kujiunga na skauti kidato cha kwanza, Baba alikataa, akihofia mwili wake. Mwalimu wa skauti akamwambia Baba, "Hema watabeba wenzake. Yeye atabeba daftari."

Daftari hilo ndilo lililomfanya ajulikane. Mwaka 2019 watoto wengi wa Ntalikwa waliugua kuhara, na wawili walifariki. Agnetha, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa skauti wenzake kumi na wawili, alipita nao kaya sitini na moja wakiuliza: nani anaumwa, na maji mnachota wapi? Mwanzoni alikosea. Alitangaza kwamba kisima kibaya ni cha Mama Hafsa, na watu wakaacha kuchota kwake. Aliporudia hesabu aliona kosa lake: wagonjwa wengi walichota kwingine. Alivaa skafu, akaenda kumwomba radhi Mama Hafsa mbele ya majirani. Mimi kaka yake, Festo, nilimsindikiza. 

Kisima chenye shida kilikuwa cha Mzee Masolwa, kilichokuwa mteremkoni chini ya choo chake. Mzee alikasirika.

"Kisima hiki alikichimba babu yangu wakati wa misafara ya pembe za ndovu," alisema. "Wapagazi wakitoka Ujiji na pembe walikunywa hapa. Nani alikufa?"

"Shikamoo, babu," Agnetha alisema.

"Marahaba. Nijibu."

"Babu, wapagazi walikunywa wakaondoka. Kama waliugua, waliugulia huko mbele, Ugogo. Babu yenu angejuaje?"

Mzee alikitazama choo chake. Mwishowe akauliza, "Hicho choo tukihamishie wapi?"

Skauti walichimba choo kipya kwa siku tisa. Bwana afya aliwaelekeza kusafisha kisima na kukitia dawa. Kufikia Krismasi hakukuwa na mtoto aliyelazwa kwa kuhara.

Mwaka 2021 alikuwa akiumwa mara kwa mara. Mwaka 2022 alijiunga na chuo kusomea maabara, na kila Jumamosi alifundisha skauti wadogo huko Isevya. Hakujaaliwa kufunga ndoa. Shangazi zake walipomuuliza, alijibu kwamba bado anamchunguza mwenzake.

Februari mwaka huu maumivu yalizidi, akalazwa. Jioni moja alimuuliza Mama, "Niliposhikwa na ugonjwa huu, uliogopa?"

"Niliogopa kila siku, mwanangu."

"Mbona sikujua?"

"Hukuwahi kuniuliza."

Agnetha akacheka, akamshika mkono. Alifariki kesho yake asubuhi, Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, akiwa na miaka ishirini na mmoja.

Ameacha wazazi wake, mimi kaka yake, mdogo wetu Yustina, bibi yetu Minza, na skauti wa Ntalikwa na Isevya waliobeba jeneza lake leo. Mzee Masolwa naye yupo hapa, amefika kwa mkongojo.

Bwana alitupa Agnetha, Bwana amemwita. Mwili wake upumzike kwa amani katika udongo huu wa Ntalikwa. Na sisi tunaobaki, tusione aibu kuuliza.