Siku Konti Yetu Ilifungwa, na Dawa Ikiwa Njiani

Ndugu zangu wa shirika, amani ikae na kila moja kwenye hii lupango yenye tumekusanyika. Banamama baliniomba tangu zamani nisimame mbele yenu, nikakuwa ninakimbia. Leo nimesimama. Sitataja jina ya muntu, wala ya kampuni. Nitasema tu yenye ilinipata.

Mimi ni mutoto ya huu mutaa wetu wa Makomeno, munanijua. Papa alifanya kazi ya reli, mama alitoka upande wa Mitwaba, kule kaskazini. Nilisoma informatike, nikamaliza, nikakaa nyumbani na diplome yangu kama batoto wengi wa hapa.

Siku moja mama alitaka kutumia dada yake wa Mitwaba sabuni na chumvi. Alizunguka parking ya malori asubuhi nzima, akauliza huyu, akauliza ule, akarudi na mizigo yake kichwani. Nikawaza: malori zinaenda, nafasi iko, bantu benye bintu bako. Inakosekana tu muntu wa kubaunganisha.

Kujenga programu yangu mwenyewe, sikuwa na nguvu hiyo. Nikachukua yenye ilikuwa tayari: ile programu kubwa ya kuandikiana, yenye hata mama wa mboga iko nayo kwenye simu. Ndani yake nikatengeneza huduma. Unaandika "Mitwaba" ao "Kambove", inakujibu lori gani inaondoka, na baadaye inakuambia mizigo yako imefika wapi. Malipo ilipita kwenye simu. Ramani ilitoka kwa kampuni ingine kubwa. Bwana yangu, mwenye alinioa, alikuwa anacheka: "We uko na kampuni, lakini hata kiti hauna!"

Ilikuwa kweli. Lakini kazi ilikua, ndugu zangu! Bantu balikuwa banaambiana. Muntu iko Likasi, iko Kolwezi, anatuandikia. Mimi mwenyewe nilikuwa ninashangaa.

Halafu asubuhi moja, wakati wa mvua, nikafungua simu. Konti yetu kwenye ile programu imefungwa. Iliandikwa tu kwamba tumevunja sheria. Sheria gani, hakuna. Nikaandika kwao. Mashini ikanijibu. Nikaandika tena, ikanijibu yale yale. Na majina yote ya bateja, namba zao zote, zilikuwa mule ndani. Ninawaambia, nilikaa chini kwenye simenti.

Sasa musikie ubaya yenyewe. Lori moja ilikuwa njiani kwenda Mitwaba, na shofere hapatikane kwa simu. Bateja banaandika, hakuna jibu. Siku ya pili bakaanza kufika kwangu. Moja akapiga kelele kwenye mulango: "Mwizi! Ulikula bintu yetu, ukajificha!" Majirani bakatoka kuangalia. Mimi nilikuwa ndani, nimefunga rido ya dirisha, ninalia. Bwana yangu njo alikuwa anatoka kuongea nao, anatukanwa pa nafasi yangu.

Kisha akakuja mama moja, muzee, mwenye anauzisha bitenge sokoni. Yeye hakupiga kelele. Aliomba kuingia, akakaa karibu na mimi.

"Mutoto yangu, sikukuja kukutukana," akasema. "Mujukuu wangu wa Mitwaba iko na kifafa. Dawa yake iko kwenye ile lori, na yenye iko nayo kule inaisha. Ninauliza tu: lori iko wapi?"

Nikamujibu ukweli: "Mama, sijui. Mashini njo ilikuwa inajua."

Akaniangalia. "Na miguu yako, nayo bameifunga?"

Bon. Nikanawa uso, tukaenda naye parking. Mvua ilikuwa inanyesha. Tukauliza kila shofere mwenye alitoka kaskazini. Wengi bakasema hapana. Mwishoni papa moja, matope mupaka kwenye magoti, akasema: "Ile lori? Niliipita njiani, imesimama, gurudumu imevunjika. Shofere analala chini yake, anachunga mizigo yenu."

Anachunga mizigo yetu! Na huku bananiita mwizi.

Ule papa alikuwa na namba ya muntu wa kijiji ya karibu na pale. Tukapiga, simu ya kawaida tu, sauti inakatika-katika. Muntu yule akakimbia kuita shofere wetu. Nikamuambia kuhusu dawa. Akasema: "Mama, ninaitafutia pikipiki sasa hivi." Dawa ikapanda pikipiki, ikaendelea.

Kesho yake, mama wa bitenge akapigiwa simu na binti yake wa Mitwaba. Alinipa simu nisikie mwenyewe: "Dawa imefika. Mutoto amekunywa." Pale njo nililia tena, lakini haikuwa kilio ya jana.

Nikarudi parking, nikasimama kwenye benchi, nikaelezea bateja wote benye balikuwa pale hali ya mizigo. Kesho vile vile. Kidogo kidogo mizigo ikafika, na matusi yakaisha. Tukaweka meza pale, na mama wa bitenge akaleta mwavuli yake. Kila muteja sasa anapewa namba ya shofere, na sisi tunabakia na namba ya muteja kwetu. Ujumbe ya simu ya kawaida inatosha. Konti, benye programu baliifungua baada ya miezi mingi. Balisema kulikuwa makosa. Nimerudi mule, sina kinyongo. Bila wao, muntu wa Kolwezi hangenijua.

Aksanti kwa bwana yangu, mwenye alisimama kwenye mulango. Aksanti kwa shofere wetu, na ule papa wa matope. Mama wa bitenge iko hapa kati yetu. Alinikataza kumuonyesha, basi ninamushukuru bila kumuangalia.

Na ninyi vijana munaoanza: tumieni mashini ya wakubwa, musiogope. Inafikisha sauti yako mbali. Lakini muteja wako umujue wewe mwenyewe, na yeye ajue kwako ni wapi. Siku ingine, kama simu inanyamaza, atakuja kupiga hodi. Umufungulie.