Sili Moja ya Pikipiki ya Kauko

Wasiotujua husema watu wa Kemi, mji wetu huku kaskazini, hatuongei. Dukani kweli hatuongei, na kwenye basi kila mtu hukaa na kimya chake. Lakini njoo Jumamosi asubuhi, mwezi Machi, theluji imefika usawa wa dirisha, uingie karakana yetu nyuma ya kiwanda cha zamani cha maziwa. Jiko la kuni linanguruma, pikipiki tatu zimeegemezwa ukutani zikingoja Mei mosi, siku tunayozitoa barabarani, na sisi tuko kwenye benchi tulilolichukua stesheni siku walipoleta mapya. Kuna mashine ya kahawa, kuna mkate mtamu wa iliki anaouoka mke wa Taisto. Hapo ndipo utajua kama tuna midomo. Taisto mwenyewe tunamwita Kwa-Kuwa, na sababu utaisikia. Ensio ni Nadharia, maana hajawahi kukosa maelezo ya jambo lolote, hasa asilolijua. Mimi ni Rauno, jina la kijiweni Kesho, na sina la kujitetea. Wa nne wetu ni Kauko. Asubuhi ile hakuwepo, na habari zilikuwa zake yeye.

— Saija kanitumia ujumbe, nikasema. Anakuja saa sita. Anataka kuiona pikipiki ya baba yake.

Kwa-Kuwa akaacha kutafuna.

Kwa-Kuwa: Saija yupi?

Mimi: Binti yake Kauko, aliyekuwa Uswidi. Karudi. Kapata na leseni. Mei mosi anataka kuiendesha pikipiki ya mzee mpaka chini ya dirisha lake.

Nadharia: Dirisha gani hilo?

Mimi: Ensio, usijitoe ufahamu. Dirisha gani unalijua.

Alilijua. Kauko alipigwa na kiharusi Februari ya mwaka jana, mkono wa kulia ukafa, na sasa yuko nyumba ya wazee kando ya mto, ghorofa ya pili, dirisha linatazama maegesho. Na pikipiki yake aliileta hapa kabla ya hapo, vuli ya mwaka juzi, ikiwa na ugonjwa mmoja tu: sili ya shokapu ya mbele ilikuwa inavujisha oili. Sili ni mpira wa mviringo unaoenea kiganjani. Kazi ya Jumamosi moja, na chakula cha mchana ukaenda kukila nyumbani.

Ndipo Taisto akasema maneno yake. Kwa kuwa tumeshafungua shokapu, tutazame na beringi za shingo, pale usukani unapozungukia. Kwa kuwa shingo imetoka, tubadilishe na nyaya. Kwa kuwa nyaya zimetoka, tushushe injini, fremu ipigwe rangi. Na sisi wengine tukaitikia kama kwaya ya kanisa. Kufika Krismasi pikipiki ya Kauko ilikuwa ndani ya makopo kumi na tisa ya aiskrimu.

Mimi: Sasa semeni. Akiuliza kwa nini haijawa tayari, tunamjibu nini?

Nadharia: Baridi. Chuma kikipoa kinasinyaa, hiyo ni sayansi. Nati ya kumi na nne ikilala kwenye baridi inaamka kumi na tatu na nusu. Nani hapa ana spana ya kumi na tatu na nusu? Hakuna. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mimi: Hiyo inaingiaje hapo?

Nadharia: Inaingia mgongoni. Nimeinama baridi mbili mimi.

Kwa-Kuwa: Baridi gani, na humu ndani unakaa na fulana! Tatizo ni kwamba vitu vimeshikana. Sili imeshika shokapu, shokapu imeshika shingo, shingo imeshika fremu, fremu imekaa juu ya stendi, stendi imekaa juu ya sakafu.

Mimi: Ndiyo maana tukamwaga zege.

Kwa-Kuwa: Ndiyo maana tukamwaga zege! Stendi ilikuwa inayumba. Kwa kuwa injini ilikuwa imetoka, sakafu ikaonekana. Ungeiacha vile?

Mimi: Sili, Taisto. Tulianza na sili, tukaishia na kununua saruji.

Kwa-Kuwa: Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mimi: Na visivyoelea?

Kwa-Kuwa: Hivyo viko kwenye makopo.

Hatukucheka sana. Nadharia akajimiminia kahawa, akasogea mbele ya benchi, na mimi nikajua kinachokuja ni kikubwa zaidi.

Nadharia: Haya, nitawaambia kitu nilichokaa nacho siku nyingi. Nati zinazaana.

Kwa-Kuwa: Mwanzo huo.

Nadharia: Kopo la bluu niliweka nati arobaini na moja, kwa mkono wangu huu. Januari nafungua, nahesabu, hamsini na tatu! Kumi na mbili zimetoka wapi? Giza, joto la jiko, faragha. Ukiwaweka sungura kwenye kopo hali hiyo hiyo utashangaa?

Kwa-Kuwa: Kumi na mbili ni za mashine ya kukatia majani ya mke wako. Uliifungua hapa hapa.

Nadharia: Nayo sijui kwa nini haijaisha. Ila sikilizeni. Pikipiki ni dubu. Baridi ikija inalala, na ikilala mwili wote unalegea. Kuifunga kabla ya Mei ni sawa na kumwamsha dubu pangoni. Tumemheshimu mnyama wa Kauko, basi. Tumwambie binti hivyo.

Mimi: Kiangazi kilichopita dubu alilala pia?

Kiangazi kilichopita ndicho ambacho hakuna aliyetaka kukigusa. Ukutani, juu ya mashine ya kahawa, kuna maandishi aliyoyapiga Kauko mwenyewe kwa brashi miaka mingi iliyopita: KILICHOFUNGULIWA NI CHA KARAKANA MPAKA KIFUNGWE. Aliyaandika mwaka ambao mimi nilikwama na injini yangu peke yangu, nikaona aibu kuomba msaada. Alitaka kusema kwamba mwenzetu akiwa amefungua, kazi ni yetu sote. Sisi, alipougua, tukayasoma tulivyotaka.

Pikipiki zetu nne ni za aina moja, Kijapani, mwaka mmoja. Kifaa cha hii kinakaa kwenye ile. Aprili ya mwaka jana tangi la Ensio likatoboka kwa kutu, akachukua la Kauko, kwa muda tu, akalipaka rangi nyeusi. Taisto akachukua gurudumu la mbele na shokapu zake, kwa kuwa sili ilikuwa mpya. Mimi nikachukua kabureta, na swichi ya ufunguo pia, kwa sababu yangu ilikuwa inagoma. Makopo yakabaki na nati. Fremu tuliitundika darini kwa minyororo ikauke rangi, ikawa inakausha glavu zetu, na mwishowe tukasahau kwamba ni fremu.

Kwa-Kuwa (kwa sauti ndogo): Labda chuma kinajua. Mwenyewe akiugua, chuma kinagoma. Ndiyo maana haikuisha.

Mimi: Taisto, acha.

Kwa-Kuwa: Nasema labda.

Mimi: Nasema acha! Mei mosi ya mwaka jana tulikwenda pale dirishani, sivyo? Tukangurumisha injini ili asikie. Mkakaa juu ya pikipiki zenu kama wafalme. Mimi ndiye niliyepanda juu kumsalimia. Mnajua aliniambia nini?

Hawakujua. Miezi kumi na zaidi sikuwa nimewaambia.

Mimi: Alinishika kwa mkono ule mzima. Akasema, kwa taabu, Rauno, ile yako inanguruma vizuri siku hizi. Sauti kama yangu.

Nadharia: Na wewe ukamwambiaje?

Mimi: Nikamwambia asante.

Kuni zikapasuka ndani ya jiko. Kwa-Kuwa aliuweka mkate wake kwenye sahani na hakuuokota tena. Mzee mwenye miaka sabini na moja alikuwa ananisifu kwa kabureta yake mwenyewe, na mimi nikapokea sifa.

Nadharia: Ila kuazimana si kosa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mimi: Na nguo ya kuazima haisitiri matako. Hiyo umewahi kuisikia?

Mlango ukafunguka. Hata saa sita ilikuwa haijafika.

Saija ni mrefu kama baba yake, na anaingia kama baba yake, bega kwanza. Kofia ya pikipiki kwapani, mpya, bado ina karatasi ya dukani. Alikung'uta theluji kwenye buti, akatuangalia mmoja mmoja, akatabasamu.

— Hamjambo baba wadogo. Mbona mmekaa kama mko msibani?

— Karibu mwanangu, karibu, akasema Nadharia akinyanyuka mbio. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Glavu zimelowa hizo, zitundike hapo juu zikauke.

Nilitaka kumzuia. Nikachelewa. Saija akanyoosha mikono yake mirefu, akazitundika glavu zake kwenye fremu ya baba yake, katikati ya zetu.

— Baba anawasalimu, akasema. Kusema bado kunamtatiza, lakini hili alilisema vizuri kabisa: nisiwasumbue kwa haraka, pikipiki iko kwenye mikono salama.

Tulikuwa na majibu ya kwa nini, tulikuwa na majibu ya lini. Tulikuwa na baridi, nati zinazozaana na dubu. Yeye hakuuliza kwa nini wala lini. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba wenye kamba nyekundu.

— Amenipa huu. Msiniambie, nitaijua mwenyewe.

Akaenda ukutani. Akauingiza kwenye pikipiki ya Nadharia, ufunguo ukagoma. Akacheka. Akajaribu kwenye ya Kwa-Kuwa, ukagoma. Akafika kwangu. Betri yangu nilikuwa nimeichaji asubuhi ile ile. Ufunguo ukazunguka, taa ndogo ya kijani ikawaka.

— Hii! akapaza sauti. Nyie watu! Mmeitunza hivi, na mmenyamaza tu!

Mungu anisamehe, nilitaka kukubali. Kwa muda wa pumzi moja nilipiga hesabu kwamba nikimpa yangu, yakaisha, hakuna atakayejua. Lakini Saija alikuwa ameshainama, anapapasa ubavu wa kushoto wa tangi kwa kidole gumba.

— Kulikuwa na bonyeo hapa, akasema. Nilipokuwa na miaka saba nilipanda na viatu vya chuma vya kutelezea barafuni. Baba alikataa kulinyoosha.

Akapapasa tena. Halafu akarudi taratibu kwenye pikipiki ya Nadharia, lile tangi jeusi, akaweka kidole pale pale. Kidole kikazama. Nikamwona anavyoliangalia lile bonyeo, kisha taa ya kijani inayowaka kwangu, kisha sisi.

— Baba mdogo Rauno, akasema. Pikipiki ya baba ni ipi?

Nadharia alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini akaufunga bila kutoa kitu.

— Kwa kuwa, akaanza Taisto, akaishia hapo.

Mimi macho yangu ndiyo yaliyonisaliti. Yalipanda juu yenyewe. Saija akayafuata. Aliziona glavu zake zikidondosha maji. Akasogea, akasoma namba iliyogongwa shingoni mwa chuma kile, namba ya kadi ya baba yake, midomo ikicheza. Akazishusha glavu zake. Kisha akazishusha zetu, jozi moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye benchi, jozi kwa kila mmoja wetu. Halafu akaipangusa fremu kwa mkono wa koti lake, kutoka mbele mpaka nyuma. Angetutukana ningeshukuru.

Nikasimama. Nikachukua spana namba kumi na mbili, nikapiga goti mbele ya pikipiki yangu, nikazima ile taa. Kabureta ina nati mbili kila upande. Nikaanza kulegeza ya kwanza.

Kwa-Kuwa: Basi tunafungua zote tatu?

Mimi: Zote. Leo. Na kila kitu kinapanda kule juu kwenye hiyo fremu.

Taisto hakusema kwa kuwa. Alivua saa ya mkononi, akaiweka dirishani, akaanza kulegeza gurudumu. Nadharia ndiye aliyebaki amesimama na kikombe.

Nadharia: Zimebaki wiki saba, ndugu yangu Kesho. Zetu hazitawahi. Mei mosi mtoto anapita pale dirishani, na sisi tutakuwa tumepanda nini?

Saija aligeuka. Na yeye alitaka kusikia.

— Hatutapanda kitu, nikasema. Tutakwenda kwa miguu. Tutasimama kwenye maegesho, atuangalie vizuri, na mimi nitapanda juu nimwambie ilikuwa sauti yake.

Nadharia akainamisha kikombe. Kilikuwa kitupu, na mashine nayo ilikuwa imemaliza zamani. Akakiweka chini, akaenda kulifungua tangi.