Nguruwe wa Kumshukuru Mheshimiwa Linus

Mheshimiwa Waziri Linus Kopana, mgeni wetu rasmi; Padre; kina mama wenye ardhi hii ya Siwai, ambao mngetajwa mwanzo kama ratiba isingeandikwa na watu wa Waziri; Sista Perpetua, muuguzi wetu; na nyinyi mliofuata harufu ya nyama: habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi ya kumshukuru Waziri kwa zahanati hii mpya. Nani anamfahamu kuliko mimi? Wakati wa vita, tulipozingirwa na dizeli ikakatika, mimi na Linus tulichemsha nazi, tukakamua mafuta, tukaendeshea lori la wapiganaji. Tulinukia kama jiko la sikukuu! Vita vikaisha, tukaambiwa sasa tunajenga nchi. Mwenzangu akajenga kweli: nyumba, baraza, na meno mapya. Mimi ninayo haya machache niliyotoka nayo msituni. Mnanong'ona kwamba namwonea wivu? Namwonea, tena sana! Kwake taa zinawaka mpaka bandani. Kuku wa Linus wanaona vizuri kuliko Sista Perpetua, anayezalisha wake zenu huku amebana tochi kwa meno.

Juzi nilimuuliza, "Ndugu yangu, zile sola za zahanati zimefika?"

"Zimefika, mzee. Nimezihifadhi kwangu."

"Kwako wapi?"

"Juu ya paa."

Jamani, mmeona uangalifu huo?

Usitazame saa, Mheshimiwa. Mpwa wangu Biruke, yule pale aliyeshika kiuno, atajifungulia humu mwezi huu. Mtoto wa kwanza alimpoteza gizani. Ukoo wetu unapita kwa mama, naye hana dada. Tukimpoteza yeye, tumekwisha.

Kwa hiyo sikuja na maneno matupu. Mleteni! Nguruwe huyu nimemlisha viazi hadi mke wangu akaniuliza nimemwoa nani kati yao. Nampa Waziri, mbele yenu wote. Desturi tunaijua: akimkataa, hana jina tena Siwai, akimpokea, atanirudishia kitu kikubwa zaidi, na mimi ndiye wa kusema nini. Sitaki nguruwe. Nataka sola zile, zote, juu ya paa hili, kabla Biruke hajashikwa na uchungu.

Shika kamba, Linus. Mbona mkono uko mfukoni? Watu wanatazama.

Asanteni kwa masikio yenu. Sikai mpaka aishike.