Mama Anselmo Aliyetukalisha Mkeka Mmoja

Tarehe 30 Juni 1998, Bi Winfrida Chilumba, ambaye wote tunamwita Mama Anselmo, anastaafu baada ya miaka thelathini ya kuuguza na kufundisha hapa Masasi. Wachelewaji watapumua. Hakuna aliyewahi kuchelewa kipindi chake akatamani kurudia.

Alianza wodi ya wazazi, akawa mkunga wa kutajika mpaka Newala, kisha mwalimu wa wauguzi hapa chuoni. Lakini sifa yake kubwa ni darasa la pamoja la maumivu sugu. Alilianzisha wakati maduka ya dawa yalipochipuka kila kona ya mji, na kila mwenye kuumwa mgongo akajigeuza daktari wa nafsi yake. Alitaka wanafunzi wa utabibu, uuguzi na mazoezi ya viungo wamhudumie mgonjwa pamoja. Wakuu wa idara waliguna. Wakampa muhula mmoja aonyeshe faida, la sivyo darasa lifungwe.

Mwanzo ulikuwa wa aibu tupu. Bi Sikuzani, mkulima wa korosho wa Mkunya, alikuwa ameumwa mgongo miaka na miaka. Wanafunzi wakamwendea mmoja mmoja. Wa utabibu akamwandikia vidonge, wa uuguzi akamwambia alale, wa mazoezi akamwambia atembee. Bi Sikuzani ni mtu wa adabu, hakutaka kumkatalia mtoto wa mwenzie. Akameza, akalala, akaamka akatembea, akarudi kulala. Mwisho akafunga kanga zake akaenda kwao, akaacha ujumbe kwamba tukishaelewana tumwite.

Jamani, Mama Anselmo alikasirika! Asubuhi yake aliwapakia wanafunzi wote kwenye gari la chuo hadi Mkunya. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, wanunuzi binafsi wanapishana barabarani, na shamba la Bi Sikuzani lilikuwa halijaokotwa. Akawaamuru wainame waokote. Kufika adhuhuri kila mtu ameshika kiuno, na Silvano, bingwa wa kuandika vidonge, ndiye wa kwanza kuviomba. Akanyimwa.

Ndipo wakakaa mkeka mmoja na Bi Sikuzani na mkwe wake, wakamsikiliza mpaka akamaliza. Wakatoka na kauli moja: vidonge kwa kiasi, mazoezi kila asubuhi, aokote akiwa amekalia kigoda, na mizigo abebe mkwe.

Muhula ukaisha, siku ya kikao cha uamuzi ikafika. Bi Sikuzani alikuja mwenyewe. Mkuu wa chuo akamuuliza kama maumivu yamekwisha, na sote tulijua kwamba hayajakwisha.

"Yapo, baba," alijibu. "Ila zamani nilikuwa nayo peke yangu."

Darasa halikufungwa, na mwaka uliofuata likawa la lazima kwa wanafunzi wote. Siku hizi wale wakuu wa idara wanasimulia kwamba wazo lilikuwa lao. Tumewasamehe.

Mwalimu Silvano ndiye anayelipokea darasa, na kiuno chake kimeshapona.

Mama Anselmo, ahsante kwa ukali wako na kwa moyo wako, tulivihitaji vyote viwili. Nenda kwenu Chidya ukale jasho lako kwa raha, Mungu akupe uzima na wajukuu watiifu. Na mgongo ukikuuma, usimwite mmoja wetu. Tutakuja wote.