Fundi Aliyeuliza Gari Litasimamaje: Maisha ya Yeremia Tsuma Mangi, 1921–1970

Leo Jumamosi, tarehe 15 Agosti 1970, tunamrudisha Yeremia Tsuma Mangi kwenye udongo wa Mwavumbo, alikozaliwa mwaka 1921, mtoto wa tatu wa Mzee Mangi Rai na Mama Kanze. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote. Mama yake alikuwa akisema tu kwamba mahindi yalikuwa yamefika magotini. Marehemu hakuridhika. Alipokuwa mtu mzima alipanda mahindi pale pale, akahesabu siku, akatangaza kwamba alizaliwa mwezi wa Mei.

Alianza masomo mwaka 1931 katika shule ya misheni, Mazeras, akabatizwa huko mwaka 1934. Mwalimu wake alikuwa na baiskeli ya aina ile inayosimama mtu akirudisha pedali nyuma. Wakati wa mapumziko Tsuma alilifungua gurudumu la nyuma ili aone kinachoshika humo ndani. Alikiona, lakini gololi tatu zilipotelea mchangani, na mwalimu akatembea kwa miguu wiki nzima. Alichapwa, na mwenyewe alikuwa akisema fimbo zile zilikuwa halali yake.

Mwaka 1941 aliingia jeshini, akajifunza ufundi wa malori na kufika Burma. Alirudi salama mwaka 1946. Tarehe 7 Agosti 1948 alifunga ndoa kanisani na Mbodze Menza, mshonaji wa nguo. Mwaka 1952 akaajiriwa katika gereji ya Bwana Othman, Ukunda, asiondoke tena. Lori likiteremka kutoka Shimba Hills, yeye hakusalimiana na dereva kwanza. Aliitemea mate ngoma ya breki kupima moto wake, akasikiliza mlio.

Mwaka 1965 mkaazi mmoja wa Diani, Bwana Harkness, aliunda gari la kushindania kasi, refu na jembamba. Alitaka lifike maili mia na hamsini kwa saa kwenye mchanga wa Galu, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali sana. Alipolileta Ukunda, watu walijaa gerejini wakiuliza litakimbiaje. Marehemu alilizunguka mara mbili, akauliza, "Bwana, litasimamaje?"

"Kwa breki zake, Fundi."

"Breki hula mbio, zikatoa moto. Zikila mbio zote hizo, huo moto utakwenda wapi?"

Bwana Harkness alicheka. Tarehe 6 Machi akalijaribu. Alipokanyaga breki, magurudumu yaliacha kuzunguka, yakateleza kwenye mchanga uliolowa, gari likazunguka kama pia, likasimama hatua ishirini kutoka kwa akina mama waliokuwa wakichokora pweza mwambani. Mmoja wao, Bi Khamisa, alilipiga boneti kwa kijiti chake. "We Bwana! Huna macho?"

Bwana Harkness alitaka kubadilisha viatu vya breki tu na kurudi bamvua ijayo. Marehemu alichomoa rota, kile kidude kinachogawa moto wa plagi, akakitia mfukoni mwa shati.

"Nirudishie, au niwaite polisi!"

"Waite, Bwana. Nitawaambia kule mwambani kuna mama zetu."

Wote walimgeukia Bwana Othman, ambaye angeweza kumfukuza kazi papo hapo. Alikuna ndevu, akasema, "Fundi akisema halitoki, halitoki."

Marehemu alikuwa ameona Burma jinsi miavuli ilivyoteremsha mizigo kutoka kwenye ndege. Akajiuliza: kama upepo unaweza kuzuia mzigo usianguke, kwa nini usizuie gari? Mbodze akashona mwavuli wa turubai, wakaufunga nyuma ya lori kwa majaribio. Ulipapatika kama kuku aliyechinjwa, maana lori lenyewe liliukinga upepo. Marehemu akairefusha kamba mara tatu. Safari hii ulishika, kisha ukapasuka katikati.

Mbodze aliutandaza chini, akapitisha kidole kwenye mpasuko. "Baba Mangi, upepo umeupa mlango wa kuingilia, hukuupa wa kutokea." Akakata tundu la duara katikati na kulipiga pindo. Haukupasuka tena, na Bwana Harkness akakubali ufungwe nyuma ya gari lake.

Tarehe 20 Machi marehemu aliwaondoa kwanza akina mama wote ufukweni, ndipo akairudisha rota. Gari lilifika maili mia na arobaini na tatu. Bwana Harkness alipokanyaga breki, mpira wa mafuta ya breki ulipasuka, pedali ikazama hadi chini. Akavuta kamba ya mwavuli. Mwavuli ukafunguka kwa kishindo, gari likatikisika, likashika njia yake moja kwa moja, likasimama hatua hamsini kabla ya mwamba.

Bwana Harkness alitoka ndani ya gari. Akamwuliza marehemu, "Ulijuaje kwamba breki zitakufa?"

"Sikujua, Bwana. Ndiyo maana niliogopa."

Marehemu alianza kukohoa mwaka 1967. Aliandika kwenye daftari siku alizopangusa ngoma za breki na siku kifua kilipombana, akaona zinafuatana. Tangu hapo aliwaamuru mafundi wote walilowanishe vumbi la breki kabla ya kuligusa, na ndivyo wafanyavyo Ukunda hadi leo. Alilazwa hospitali ya Msambweni mwezi wa Julai mwaka huu. Alimwuliza daktari, "Vumbi hili likishaingia kifuani, hutoka?"

Daktari, mtu mkweli, alimjibu, "Fundi, sijui."

"Basi andika kwamba nimeuliza."

Daktari aliandika. Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Agosti, saa nne asubuhi, Mbodze akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mbodze, watoto watatu, Mangi, Kanze na Jemima, dada yake, Mama Shutu, wajukuu wawili, na mafundi sita wa Ukunda waliolibeba jeneza lake leo.

Ee Mungu, mpokee Tsuma na maswali yake yote, umpe majibu ambayo sisi hatukuwa nayo. Apumzike kwako kwa amani.