Dakika Tano Kabla ya Somo

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vioo. Ng'ambo ya barabara kuna uzio wa shule ya sekondari, na mwenye birika ni mimi. Mwaka wa saba huu nawamiminia kahawa watu walewale, na kama kubisha kungekuwa kazi, wote wangekwishastaafu kwa heshima. Kuna Profesa, aliyeacha shule kidato cha pili kwa madai kwamba walimu walikuwa wanamchelewesha. Kuna Kocha, aliyefundisha timu ya mtaa msimu mmoja tu, ikashuka daraja. Kuna Rimoti, asiyeweza kukaa kwenye mada moja bila kuhamia nyingine. Na yupo mwenye duka, Fundi Vioo, mtu wa maneno machache, ambaye asubuhi hiyo alitoka na karatasi mkononi akafanya kosa kubwa. Alituomba ushauri.

— Shule wamenipa fomu, alisema. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Nitie tiki hapa abaki mkondo A kwa mwalimu huyu wa Kiingereza, au hapa ahamie mkondo B. Saa nne wakitoka kwa mapumziko anakuja kuichukua.

— Mwalimu kafanya nini? Profesa aliuliza, na uso wa hakimu alikuwa keshaukunja.

— Wiki iliyopita nilikwenda kubadilisha kioo cha dirisha la darasa lao. Kengele imelia, mwalimu kaingia, kaandika swali moja ubaoni, kakaa. Darasa zima kimya, linaandika. Dakika tano. Anasema ni zoezi la kupasha akili moto kabla ya somo. Kila siku wanaanza hivyo.

— Na yeye anafanya nini hizo dakika tano?

— Anaandika pia.

Benchi zima likaangua kicheko, hadi Kocha akajimwagia kahawa kwenye suruali.

— Kupasha moto! Niulize mimi habari za kupasha moto. Unakimbia, unaruka, unanyoosha mapaja. Wapi umeona mchezaji anapasha moto amekalia kiti?

— Timu yako uliipasha mpaka ikaungua, Rimoti alisema.

— Wewe nyamaza, hata chenga hujui.

— Tulieni, Profesa alisema. Tupige hesabu. Dakika tano kila siku, mara siku za shule, mara miaka minne. Hiyo ni miezi saba na nusu imepotea bure!

Hakuna aliyehakiki. Profesa alikuwa amekaa pale tangu saa kumi na mbili na nusu, na mpango wake wa siku hiyo ulikuwa kukaa mpaka adhuhuri.

— Mkondo B wanafanyaje? Kocha aliuliza.

— Maswali ya mitihani iliyopita, kuanzia kengele mpaka kengele, Fundi alijibu. Ndiyo maana sijui nishike lipi. Mwakani ni mtihani wa mwisho. Akianguka Kiingereza, chuo cha uuguzi hawamtazami, na uuguzi ndiyo ndoto yake tangu mdogo. Mama yake kaniachia mimi, eti kwa sababu ndimi niliyemwona mwalimu.

— Maswali yenyewe ya ubaoni ni ya aina gani? Rimoti aliuliza.

— Madogomadogo. Jumatatu, sauti gani unaisikia kwanza ukiamka. Jumanne, eleza mikono ya mtu unayeishi naye.

Rimoti aliweka kikombe chini polepole.

— Mikono? Umesema mikono?

— Ndiyo. Na jioni ile binti alirudi akanishika kidole hiki, akaniuliza kovu hili nililipata wapi. Miaka kumi na sita tunakula pamoja, hajawahi kuuliza. Nikamsimulia kioo cha kwanza nilichokivunja nikiwa mwanafunzi wa fundi. Tukakaa mpaka chakula kikapoa.

Hapo mtu mwenye masikio angenyamaza kidogo. Lakini masikio ya benchi letu ni pambo tu.

— Alama za vidole! Rimoti alifoka. Leo mikono, kesho macho. Sauti ya asubuhi, wajue nani anaamka saa ngapi. Huyu si mwalimu, huyu anakusanya taarifa za majumbani!

— Apeleke wapi? Kocha aliuliza.

— Kwa wenye viwanda vya sabuni! Wakishajua mikono ya mtaa mzima, wanajua ipi ni michafu.

— Sabuni gani bwana, umechemka, Kocha alisema. Ni kitabu. Watoto wanaandika, yeye anashona kurasa anaweka jina lake. Kwa nini naye anaandika? Ananakili!

Profesa aliinua kidole. Akiinua kidole, ujue upuuzi wenyewe ndiyo kwanza unaanza.

— Wote mmekosa. Huyo mwalimu Kiingereza hakijui. Kila asubuhi anachuma sentensi za watoto, anaziweka daftarini. Watoto arobaini, sentensi arobaini. Mwaka ukiisha amejifunza lugha nzima bila kulipa ada, anapandishwa cheo, anahama!

Kocha alipiga paja, Rimoti akasema afadhali umesema. Hukumu ikapita kwamba ni mkondo B. Mmoja aliutaka kwa ajili ya sabuni, mmoja kwa ajili ya kitabu, mmoja kwa ajili ya wizi wa sentensi, lakini walipeana mikono utadhani wamekubaliana. Nami, kwa aibu yangu, niliitikia kwa kichwa huku namimina. Fundi akatoa kalamu mfukoni, akailaza karatasi juu ya goti, akaisogeza kalamu kwenye kisanduku cha B.

Kengele ya mapumziko ikalia. Hata hajashusha wino, binti yake alikuwa keshavuka barabara, daftari kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitikia.

— Baba, fomu. Mwalimu mkuu anazisubiri.

— Ngoja kidogo, mama.

— Sawa. Halafu mnisaidie. Zoezi la leo limenikwama, mwalimu kaniruhusu nilimalizie mapumziko. Swali ni hili: mtaje mtu unayemjua aliyebadilisha mawazo kwa sababu alimsikiliza mwenzake. Nikajua hapa sikosi, maana nyinyi mnazungumza kila siku.

Akafungua daftari, akashika kalamu tayari. Alikuwa anangoja kweli, hakuna mzaha usoni mwake.

Profesa alisafisha koo.

— Swali zuri. Lina... lina pande nyingi.

Kocha alianza kukagua doa la kahawa kwenye suruali. Rimoti, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakupata mada ya kuhamia. Nilisaka miaka yangu saba yote. Nikakuta ubishi wa mpira, wa mvua, wa nani alizaliwa kwanza, wa kama samaki analala. Sikukuta hata siku moja ambayo mtu alisema, hapo umenishinda, ndugu yangu.

— Hata mmoja? binti aliuliza.

Fundi aliitazama karatasi, kisha akakitazama kile kidole chake. Akatia tiki kwenye A, akaikunja fomu, akampa.

— Niandike mimi. Leo hii, sasa hivi.

— Ulimsikiliza nani?

Wote tukainua videvu. Profesa aliweka sawa kola ya shati. Hata mimi nilijisimamisha vizuri na birika langu.

— Wewe, Fundi alisema. Siku ile ulipouliza habari ya kovu.

— Na hawa je, niwaandikeje?

— Hawa waache, mwanangu. Dakika tano hazitawatosha.

Binti alivuka barabara anakimbia, na Fundi akaingia dukani kukata vioo. Nikajaza vikombe upya. Kisha Profesa akainua kidole, akasema kwamba swali lenyewe lilikuwa limetungwa vibaya.