Mbuzi ya Mama Mkwe

Ndani ya tuktuk tuliyopanda kwenda Malindi mjini, kijana aitwaye Huzaifa alimwambia bibi aliyekaa naye kwamba anakwenda kununua grinda, mashine ya kukatia na kunolea vyuma. Amefungua karakana uani kwao, na kazi yake ya kwanza ni mbuzi ya kukunia nazi, ya kumpelekea mama mkwe.

“Meno ya mbuzi huchongwa kwa tupa, mwanangu, kama ile yangu ya miaka yote,” bibi akasema. “Grinda itakutolea msumeno.”

“Tupa inachosha, bibi, na posa ni Ijumaa.”

“Na mkweo akikuna kidole pamoja na nazi?”

“Atajua nina mkono wa kazi.”

“Nawe utajua binti habanduki kwao.”

Mimi, niliyekwisha kukataliwa na wakwe wawili, nilijifanya natazama barabara.

Tuktuk ikasimama mbele ya duka la vyuma. Huzaifa akashuka, akageuka nyuma. Bibi alikuwa amemnyanyulia viganja vyote viwili, vidole salama salimini.